Ndege Inayoenea Uani

Siku aliyoamua kwenda kununua ndege, Winchi alishuka ngazi kutoka ghorofa ya tatu akiwa amevaa kandambili za mkwewe, kwa sababu viatu vyake vilikuwa vimefichwa.

Aliyevificha alikuwa binti yake, na wala hakufanya hivyo kwa ubaya. Binti huyo alifanya kazi katika duka la dawa, na kila siku alihudumia watu waliopatwa na kiharusi: huyu kaanguka bafuni, yule kaanguka kwenye ngazi, mwingine kapona vizuri kisha kaanguka tena. Akirudi nyumbani kichwa chake kimejaa mianguko ya watu. Ndiyo maana alichukua viatu vya mama yake, akavitia kwenye mfuko, akavisukumia juu ya kabati.

"Mama, ukitaka kitu chochote, niambie mimi. Au mwambie mkweo. Wewe kaa tu."

Kaa tu. Maneno hayo Winchi alikuwa ameyasikia mpaka yakamkinai.

Jina la Winchi alipewa na vibarua wa saiti, miaka mingi kabla ya kiharusi. Alikuwa akiendesha winchi, ile ndefu inayosimama katikati ya majengo yanayopanda na kunyanyua nondo, matofali na ndoo za zege. Wakati anaanza kazi, wanaume walikuwa wakisimama chini kumtazama akipanda ngazi za mnara, wakisubiri apatwe na kizunguzungu. Hakupatwa. Alikaa katika kile kibanda cha vioo miaka karibu thelathini, mkono mmoja kwenye kishikio hiki, mwingine kwenye kile, akisikiliza sauti ya mpiga ishara kwenye redio: shusha, taratibu, taratibu tena, simama. Alikuwa na uwezo wa kushusha mzigo wa tani nzima mahali ambapo mtu angeweka meza ya kahawa. Alilijua hilo, na hakuwa mtu wa kuficha anachokijua. Alikuwa na maringo yake.

Kisha asubuhi moja, jikoni kwake, kikombe kilimponyoka. Alikitazama kikiwa vipande sakafuni, akashangaa kwamba mkono wake wa kushoto bado ulikuwa umekunjwa kana kwamba umekishika. Alipotaka kuita, mdomo ulikwenda upande.

Mdomo ulirudi. Mguu ulirudi nusunusu, ukawa unaburuta kidogo. Mkono wa kushoto ulibaki mzito, vidole vikikubali kazi ndogondogo tu na kukataa nyingine zote. Kampuni ilimshukuru kwa utumishi wake, ikampa kijana mwingine kile kibanda. Binti yake akaja na gari la mizigo, akamhamishia kwake. Miezi minane ikapita Winchi akiwa amekaa kwenye kiti kilichoelekea dirishani, akiutazama ua wa majengo.

Ua wenyewe ulikuwa wa kubanana. Majengo matatu na ukuta mmoja viliuzunguka. Upande huu kamba za kuanikia nguo, upande ule tangi la maji juu ya minara ya chuma, katikati nguzo ya taa, na kwenye kona pikipiki za wapangaji zimeegeshwa. Mtu mwingine angeona pahali pa kupita tu. Winchi, kwa mazoea ya kazi, alikuwa akipanga kichwani jinsi ambavyo angepitisha mzigo kati ya nguzo na tangi bila kugusa kamba.

Wazo la ndege lililetwa na mkwe wake, naye hakujua amelileta. Alikuwa dereva wa lori, mtu wa mzaha, mwenye tabia ya kumwonyesha kila mtu vitu anavyoviona kwenye simu. Jioni moja alimsogezea mama mkwe wake video ya mzee fulani akirusha kandege kadogo ndani ya ukumbi. Kandege kalizunguka chini ya dari, kakapita kati ya viti, kakatua juu ya meza.

"Umeona, mama? Kama nzi!"

Winchi hakuwa akiitazama ndege. "Rudisha nyuma. Nionyeshe mikono yake."

Mkwe akarudisha. Kwenye kona ya picha ilionekana mikono ya yule mzee imeshika rimoti, vidole gumba viwili vikicheza juu ya vijiti viwili vifupi.

"Yeye yuko hapa, kitu kiko kule," Winchi alisema polepole. "Hiyo ni kazi yangu hiyo."

Binti yake, aliyekuwa akipiga pasi sare ya kazini, alicheka. "Mama, hayo ni mambo ya watoto."

"Mtoto gani? Huyo mzee ana mvi mpaka kwenye nyusi."

Kesho yake ndipo aliposhuka na kandambili.

Duka la ndege lilikuwa uchochoro mmoja nyuma ya wauza vifaa vya shule, chumba chembamba chenye rafu mpaka darini. Muuzaji alikuwa mwanamume wa makamo, miwani yake imefungwa kamba shingoni, mpole wa sauti. Alimwona mama wa makamo akiingia akiburuta mguu, jasho linamtiririka, kandambili za kiume miguuni, akakimbilia kumpa kiti.

"Karibu, mama. Unamtafutia mjukuu?"

"Sina mjukuu. Ni yangu."

Muuzaji, kwa sifa yake, hakucheka. Aliuliza kama amewahi kurusha. Winchi akasema hajawahi, ila kazi anaijua. Muuzaji akaingiza mkono chini ya kaunta akatoa kandege keupe ka sponji ngumu, ile inayowekwa kwenye maboksi ya televisheni ili zisivunjike. Kalikuwa na mabawa mapana yaliyokunjwa kwenda juu kama mtu anayeinua mabega, na pua butu isiyo na kitu. Kalikuwa kabaya kweli. Kwenye boksi palichorwa mtoto mwenye kofia anachekelea.

"Hii ni nzuri kwa kujifunzia," alisema muuzaji.

Neno kujifunzia lilimchoma Winchi. Jicho lake lilikuwa tayari limekwenda kwenye rafu ya juu, kwa ndege nyekundu yenye mabawa makali na pua ndefu, imesimama kama iko tayari kuondoka bila kuagwa.

"Nataka ile."

"Mama, unarushia wapi?"

"Uani kwetu."

"Ua mkubwa?"

"Panatosha."

Muuzaji alikuna kidevu. "Hiyo haijui kwenda polepole. Ukipunguza mwendo inaanguka, usipopunguza inakula nafasi. Inataka uwanja wa mpira."

"Ndugu yangu, mimi nimeshusha zege katikati ya vichwa vya watu. Nifungie."

Akafungiwa.

Ile nyekundu haikuishi sana. Winchi alisubiri binti aende kazini, akamshawishi mkwe wake, aliyekuwa na siku ya mapumziko, ashuke naye uani. Mkwe akairusha kwa mkono. Ndege ilitoka na mlio kama nyigu aliyekanyagwa. Kabla Winchi hajamaliza kuamua aikate kona upande gani, ukuta ulikuwa umeshafika. Aliivuta juu, ikapanda, ikalala upande, ikaingia moja kwa moja kwenye dirisha la jikoni la Mama Pacha, jirani wa ghorofa ya kwanza mwenye watoto wawili waliozaliwa pamoja. Kioo kililia. Ndani sufuria ilianguka, kisha ikaja sauti ya Mama Pacha, na sauti hiyo ilisikika majengo yote matatu.

Bahati nzuri hakuumia mtu. Pacha walikuwa shule. Mkwe alibadilisha kioo mwenyewe mchana uleule, akitukanwa kuanzia mwanzo mpaka mwisho wa kazi. Lakini kufikia jioni Mwenyekiti wa wakazi, mwanamume aliyependa utaratibu kuliko chakula, alikuwa amebandika tangazo mlangoni: ni marufuku kurusha kitu chochote uani.

Binti alilisoma alipokuwa akirudi kutoka kazini. Alipoingia ndani uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Mama, nimekuomba kitu kimoja tu. Ukae."

"Nimekaa."

"Ukae salama! Unashuka ngazi na kandambili za mwanamume, unakwenda mjini peke yako, unavunja vioo vya watu. Ungeanguka? Mimi ningejiambia nini?"

Winchi alikuwa amejipanga kunyamaza, lakini kunyamaza hakukuwa fani yake.

"Sikiliza, mwanangu. Ugonjwa umenichukua upande mmoja. Nimeukubali, sina la kufanya. Lakini wewe unataka kunichukua huu mwingine. Huu siutoi."

Machozi yalimlengalenga binti, akaingia chumbani, akafunga mlango. Mkwe alibaki katikati ya sebule, hajui amfuate nani. Mwisho akaenda kuosha vyombo.

Asubuhi, Winchi alikuta viatu vyake mlangoni, vimepanguswa vumbi. Binti alikuwa ameshaondoka. Hapakuwa na salamu wala maelezo. Winchi alivivaa, akachukua muda mrefu na kamba ya kiatu cha kushoto, akashuka.

Muuzaji alimtambua kwa mwendo kabla hajafika mlangoni.

"Mama! Ile nyekundu?"

"Imekufa."

"Ilianguka?"

"Haikuanguka. Iligonga." Winchi aliketi, akapumua, akameza mate na kitu kingine kigumu zaidi ya mate. "Ulikuwa unasema nini kuhusu ile mbaya?"

Muuzaji hakumwambia nilikuonya. Alifuta kaunta, akapanga juu yake vitu kadhaa, na safari hii walichagua kweli.

Alianza na droni, kidude chenye feni nne, kinachokaa hewani kimetulia kama taa.

"Hii haina shida ya nafasi. Hata ukiachia vijiti inajisimamia yenyewe."

"Nikiachia haianguki?"

"Haianguki."

"Basi ina haja gani na mimi? Weka kando."

Ya pili ilikuwa ndege ndogo yenye mabawa mawili juu ya mengine mawili, nzuri ya kutazama. Hiyo inageuka vizuri kwenye nafasi finyu, alisema muuzaji, ila mikono yote miwili lazima ifanye kazi muda wote, bila kupumzika. Aliposema hivyo macho yake yalishuka kwenye mkono wa kushoto wa Winchi uliokuwa umelala pajani, kisha yakakimbia.

"Uliza tu," Winchi alisema. "Hauumi kuulizwa."

"Unashika?"

"Unashika. Haucheki wala hauchezi."

Muuzaji alifikiri kidogo, akaivuta ile nyeupe, na rimoti yake. "Basi tazama hapa. Kijiti cha kushoto ni cha mwendo peke yake. Ukikisukuma, hakirudi chenyewe. Kinakaa hapo ulipokiacha. Kupanda, kushuka, kulia, kushoto, vyote viko kwenye kijiti hiki cha kulia."

Winchi aliunyanyua mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, akauweka juu ya rimoti kama mtu anayepanga kitu dhaifu kabatini. Alitafuta kijiti kwa kidole gumba. Kidole kilisitasita, kikasukuma. Kijiti kikapanda nusu, kikakaa. Alitoa mkono. Kijiti kikaendelea kukaa.

Alikisukuma tena, akakiacha tena. Muuzaji naye alijifanya anatafuta betri.

Kisha maswali yakamtoka Winchi mfululizo. Kwa nini mabawa yamekunjwa juu? Kwa sababu ndege ikilala upande inajirudisha sawa yenyewe; si kama droni, hii inasaidia tu. Feni iko wapi? Iko nyuma ya mabawa, imetazama mkiani, kwa hiyo ikigonga inagonga kwa pua ya sponji, hakuna kinachozunguka kinachoweza kumkata mtu. Mbona nyepesi hivi? Ndio siri yake. Kitu chepesi chenye mabawa mapana kinaweza kwenda polepole, na kinachokwenda polepole kinakata kona fupi. Ubaya wake?

"Upepo," alisema muuzaji. "Ukiona hata pazia linatikisika, usirushe. Itakwenda kwa jirani, na si kwa kupenda kwako. Na betri zake ni ndogo, zinakwisha upesi, chukua za ziada."

Kisha akafanya jambo lililomaliza mazungumzo. Alisimama nyuma ya kaunta, akaiachia ile ndege bila kuiwasha, akiisukuma tu kwa vidole kuelekea mlangoni. Ilipita katikati ya rafu taratibu kama mgeni anayetafuta nyumba asiyoijua, ikashuka, ikatua kwenye zulia bila kishindo.

Winchi aliiokota. Ilikuwa nyepesi mkononi kama pakiti ya majani ya chai iliyokwisha.

"Nimeichukua," alisema. "Boksi baki nalo. Huyo mtoto anayecheka simtaki."

Kujifunza kulichukua majuma mengi, na hakukuwa kuzuri. Walishuka alfajiri nguo zikiwa bado hazijaanikwa na hewa imetulia, yeye na mkwe wake siku ambazo lori halikuwa na safari. Ndege iligonga nguzo. Iligonga tangi. Iliangukia katikati ya pikipiki zilizofunikwa turubai, ikabidi itolewe kwa ufagio. Mara zote mkwe aliiokota, akaiunganisha kwa gundi na utepe wa gundi, mpaka ikawa na viraka vingi kuliko ngozi.

Tatizo lilikuwa moja. Ndege ikienda mbele, Winchi aliielewa. Ikigeuka kumjia, kulia kwake kulikuwa kushoto kwa ndege, na mkono wake ulikataa kuelewa. Kwenye winchi mzigo haukuwahi kumgeukia kumtazama. Hapa kila mara kitu kilipomwelekea uso kwa uso, alikisukumia ukutani.

"Simama kule," alimwambia mkwe wake siku moja, kwa hasira. "Simama karibu na tangi unitazame. Nipigie ishara."

"Ishara gani, mama?"

Akamfundisha zile za saiti. Mkono huu, kulia. Ule, kushoto. Viganja chini, shusha. Ngumi, simama. Mkwe, mtu wa mita mbili na tumbo lake, alisimama alfajiri na mapema karibu na tangi la maji, akipunga mikono kama mwendawazimu mwenye nidhamu. Winchi aliacha kuitazama ndege, akatazama ishara. Na mkono wake wa kulia, uliokuwa umetii ishara hizo nusu ya maisha yake, ulitii tena. Ndege ikakata kona mbele ya ukuta, ikamjia, ikampita begani, ikaenda zake. Ikarudi tena.

"Umeipata!" mkwe alipiga kelele.

Dirisha la ghorofa ya pili likafunguliwa. Mwenyekiti alitoa kichwa, na kofia ya kulalia.

"Mama, hukusoma tangazo?"

"Nimelisoma," Winchi alijibu bila kuondoa macho kwa mkwewe. "Lina makosa mawili ya herufi."

Jumapili Mwenyekiti aliita mkutano. Wakazi walitoka na viti vyao, wakakaa uani kivulini. Alisimama akaeleza kwamba jengo lina utaratibu, kwamba leo ni ndege, kesho mtu ataleta farasi, na kwamba tangazo lilipuuzwa mchana kweupe. Watu walicheka kwenye farasi, yeye hakucheka.

Aliyezungumza kwa uzito alikuwa Mama Pacha. "Mimi sina ugomvi na mama huyu. Lakini watoto wangu wanacheza hapa. Kile kitu kiliingia jikoni kwangu kama risasi. Siku nyingine wangekuwepo je?"

Wengi waliafiki. Hata binti yake Winchi, aliyekuwa amekaa kando, mikono imekunjwa, aliitikia kwa kichwa.

Winchi hakubishana. Alinyanyuka, akauweka mkono wake wa kushoto kwenye rimoti mbele ya watu wote, hana haraka, akamwashiria mkwe wake airushe. Ndege ilipita juu ya viti, sauti yake ndogo kama ya cherehani ya jirani. Ilizunguka tangi. Ilipita kati ya nguzo na kamba, ikarudi. Watoto walisimama. Kisha Winchi akaigeuza, akaielekeza kwake mwenyewe.

"Mama!" binti yake aliita.

Winchi hakusogea. Ndege ilikuja, ikaja, ikampiga kifuani. Ikatoa sauti kama kitabu chepesi kilichodondoka, ikaanguka miguuni pake.

"Nani ameumia?" aliuliza.

Mama Pacha alikuja, akaiokota, akaipima kwa kiganja. Akajaribu feni kwa kidole. Halafu akajigonga paji la uso kwa ile pua ya sponji, mara moja, mara ya pili kwa nguvu zaidi, akaanza kucheka kwa kujizuia.

"Hii? Hii hata mende haiui."

"Hata hivyo," alisema Mwenyekiti, "tangazo liko palepale."

"Na mimi nipo palepale," alisema Winchi. "Mama Pacha, kioo nilikivunja mimi, na nakuomba radhi mbele ya hawa wote. Nilichagua ndege ya uwanja nikaileta uani. Ni kosa langu. Hii nimeichagua kwa ua huu. Nitairusha asubuhi hamjaanika, na siku yenye upepo sitairusha. Sikuja kuomba ruhusa, nimekuja kuwaeleza. Mwenyekiti, kama hutaki, njoo uninyang'anye hii rimoti. Mkono wa kushoto hauna nguvu, anza na huo."

Mwenyekiti alitazama ule mkono, akatazama watu. Hakwenda. Alikunja kiti chake akapanda kwake.

Haikuishia hapo, maana alikuwa mtu wa kutokubali kushindwa, na kwa hilo walifanana. Asubuhi moja aliufunga mlango wa uani kwa kufuli. Winchi alipoukuta umefungwa alikaa kwenye ngazi mbele ya mlango wa kutokea mtaani, mguu wake mbovu ameunyoosha, ndege pajani. Watu wa kazini walianza kushuka. Hakumzuia mtu, lakini kila aliyetaka kupita ilimbidi amruke mwanamke mgonjwa, na kila mmoja aliuliza kulikoni, na kila mmoja alielezwa kwa sauti ya kutosha kufika ghorofa ya pili. Mama Pacha alikataa kumruka. Alisimama na pacha wake na mikoba yao ya shule, akamwita Mwenyekiti kwa sauti kubwa mpaka kufuli likafunguliwa. Tangu siku hiyo mlango haukufungwa tena, ingawa karatasi ya tangazo haikuondolewa.

Wengine wangependa kusikia kwamba mkono wake ulipona. Haukupona. Vidole vilibaki vilevile, vizito, vikijua kusukuma kijiti na kushika kikombe kisichojaa. Mguu ndio uliopata nafuu, kwa sababu ya kupanda na kushuka kufuata betri, na siku moja binti yake aligundua kwamba mama yake ametangulia kufika juu.

Ilikuwa kwenye ngazi hizohizo ambapo Winchi alimwambia kwamba anahama.

"Nimekukosea nini tena, Mama?"

"Hujanikosea. Umenitunza vizuri mno. Sasa nataka kuchemsha chai yangu."

Walibishana juma zima. Binti alileta hoja za dawa, mama akaonyesha kwamba anazikumbuka zote na saa zake. Binti akaleta hoja ya kuanguka, mama akasema watu wazima huanguka popote, hata wakiwa wameshikwa. Mwisho binti alisema sawa, lakini chumba tutatafuta pamoja, na kiwe chini.

Walitembelea vyumba kadhaa. Kila walipofika, binti alikagua bafu na swichi za umeme. Winchi alipita moja kwa moja mpaka nyuma ya nyumba, akainua uso, akaangalia kuta. Kwenye nyumba moja ua ulikuwa mpana, msafi, hauna kitu. Alitazama akasema hapana.

Nyumba waliyoichukua ilikuwa na ua mwembamba kuliko ule wa kwanza. Bati la jiko lilitokeza upande mmoja, dishi la televisheni upande wa pili, na ngazi ya chuma ikapita katikati bila mpangilio. Mwenye nyumba, mwanamke mnene mwenye funguo nyingi kiunoni, alimngoja mpangaji wake mlangoni mwa chumba. Mpangaji alikuwa bado nyuma, akizunguka na kiganja chake cha kulia hewani kama ndege, akikikunja, akikilaza.

"Samahani," mwenye nyumba aliuliza, "anapanga chumba au anapanga uwanja?"

"Vyote," alijibu binti.

"Mama," binti akaita, "ule ua mwingine ulikuwa na nafasi zaidi."

"Nafasi ilikuwepo," Winchi alijibu kutoka nyuma. "Ila haukuwa na kona. Hapa kwenye dishi patanisumbua sana." Alilisema hilo kwa furaha ya wazi kabisa.

Mwenye nyumba alimsogelea binti, akashusha sauti. "Dada, mama yako ni mzima?"

"Mzima," alisema binti, akiinama kubeba begi la kwanza. "Haambiliki tu. Utamzoea."